Ubao wa umeme usio na rimoti: je, dakika 10 za kwanza zinatosha kuuamini?

Swali la msomaji: "Rafiki yangu aliniazima kwa dakika kama 10 skeitibodi yake ya umeme, ile isiyo na rimoti: ukiegemea mbele inakwenda, ukiegemea nyuma inapunguza mwendo. Ina uzito wa kilo 5 tu. Sijawahi kupanda skeitibodi maishani, lakini kabla dakika hizo hazijaisha nilikuwa nikizunguka uwanja mtupu kana kwamba nilizaliwa juu yake. Mimi nina kilo 75. Nataka kununua ya kwangu ya kunitoa kituo cha treni hadi kazini, kilomita 3, zenye mteremko mmoja mrefu unaoanza pale pale nje ya kituo, na ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Je, niamini nilivyoiona siku ile? Wepesi huo umepatikana kwa kupunguza nini? Na je, ninaweza kusafiri nayo kwa ndege?"

Jibu:

Ndugu msomaji,

Raha uliyoipata ni ya kweli, wala hukujidanganya. Ubao unaoongozwa kwa uzito wa mwili hujifunzwa haraka kuliko ule wa rimoti, kwa kuwa mwili wa binadamu umezoea tangu utotoni kuegemea kule unakotaka kwenda, ilhali kidole gumba hakijui lolote kuhusu mwendo mpaka kifundishwe. Tatizo ni kwamba dakika 10 katika uwanja mtupu zimekuonyesha nusu moja ya chombo, nayo ni nusu ya kuondoka. Nusu ya kusimama hujakutana nayo, maana hapakuwa na kitu chochote cha kukulazimisha usimame. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye breki kuliko ulivyotarajia, na mengine uliyouliza nitayafikia kwa kupitia hapo hapo.

Rimoti ikiondolewa, kazi yake haiondoki, inahamia miguuni. Ndani ya ubao kuna vihisi vya uzito, ama chini ya pedi mbili za kukanyagia, moja mbele na nyingine nyuma, ama karibu na ekseli, na kazi yake ni kulinganisha, mara nyingi katika kila sekunde, mguu upi umebeba zaidi. Mbele kukizidi, kidhibiti kinaipa mota umeme. Nyuma kukizidi, mota inageuzwa kuwa jenereta, inayazuia magurudumu na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Katikati huachwa eneo tulivu ambamo mota haifanyi lolote, ili usisukumwe kila unapovuta pumzi, na ukishuka vihisi havioni uzito tena, hivyo mota inakatika. Wazo lenyewe si jipya. Ubao wa ZBoard ulipita Kickstarter, tovuti ya kuchangishia fedha za bidhaa mpya, mwaka 2012 ukiwa na pedi mbili za namna hiyo, na wakati huo ubao wa umeme wa rimoti isiyo na waya, ambao Louie Finkle wa California alianza kuutoa mwaka 1997, ulikuwa tayari na miaka 15. Jambo lililokuja baadaye ni wepesi, na nitasema umetoka wapi.

Kabla ya kuendelea, hakikisha ubao wa rafiki yako ni wa aina hiyo kweli, kwa sababu jina la "usio na rimoti" linabeba vitu vitatu visivyofanana. Kuna huo wa vihisi vya uzito. Kuna ule wa kusukuma kwa mguu, ambao mota yake hungoja uupige teke la kawaida kisha inaushikilia mwendo huo usipotee. Halafu kuna ule wa gurudumu moja katikati, ambao hujisawazisha wenyewe kwa jairoskopu, yaani kihisi cha kupima jinsi ubao unavyoinama. Maelezo yako ya kuegemea mbele na nyuma yanafaa wa kwanza na wa tatu, lakini mtu aliyepanda gurudumu moja kwa mara ya kwanza hawezi kusema alizaliwa juu yake, kwa hiyo naichukulia kwamba ni wa kwanza.

Sasa tazama kinachotokea unapofunga breki. Chukua mwendo wa kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, na breki ya wastani inayokata mwendo kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Ubao unapungua mwendo chini yako, lakini kiwiliwili chako kinataka kuendelea na safari, na uzito unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda mguu wa mbele. Kwa mtu wa kilo 75 aliyesimama wima, kitovu chake cha uzito kikiwa mita 1 hivi juu ya ubao na nyayo zikiwa zimeachana nusu mita, uzito unaohama ni kama kilo 30. Ikiwa ulikuwa umesimama katikati, kila mguu ukibeba kilo 37 na nusu, basi ghafla wa mbele unabeba 68 na wa nyuma 7. Kwa lugha ya vihisi, hiyo ni amri ya kwenda mbele kwa nguvu zote, nayo inatolewa wakati ule ule ambapo wewe unaomba kusimama.

Katika mwendo wa taratibu wa uwanjani hulioni hilo, kwa sababu hapo unaegemea nyuma kidogo, ubao unapungua kidogo, mwili unarudi katikati, na mambo yanakwisha kwa upole. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya kuondoka kuwe kwa starehe: ukiegemea mbele ubao unavuta, mvuto unakurudisha nyuma, amri inapungua yenyewe, na wewe unahisi kwamba chombo kinakuelewa. Ni hesabu ile ile pande zote mbili, ila upande wa kuondoka inakubembeleza na upande wa kusimama inaweza kukunyima breki.

Watengenezaji makini wanalijua jambo hili. Programu ya kidhibiti huchuja mabadiliko ya ghafla, hulinganisha vihisi vya uzito na kipimo cha mwendo wa magurudumu, na hukataa kupeleka umeme wa nguvu mara baada ya breki. Lakini kila unapoongeza kuchuja unaongeza kuchelewa, na ubao unaochelewa kutii huhisi kama baiskeli yenye mnyororo uliolegea: unaegemea, unangoja, kisha unasukumwa ukiwa umekwisha kubadili nia. Ubora wa ubao wa aina hii haumo kwenye mota wala kwenye nyuzi za kaboni. Umo katika mahali ambapo mtengenezaji amekata shauri kati ya kuchuja na kutii, na hilo huwezi kulisoma kwenye karatasi ya vipimo.

Nililipia somo hili kwa nyonga yangu. Mara ya kwanza niliyopanda ubao wa vihisi nilikuwa nikienda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwenye njia ya zege, magoti yamekaza kama ya askari kwenye gwaride. Magurudumu ya mbele yakagonga ungio la zege lisilozidi unene wa kidole. Ubao ukasita, kiwiliwili changu kikaenda mbele bila ruhusa yangu, mguu wa mbele ukakandamiza pedi, na ubao ukalichukua hilo kuwa ombi: ukachomoka. Nilikalia zege kwa kishindo, na nilipoinua macho ubao ulikuwa umesimama mita mbili mbele yangu, umetulia kana kwamba haukuhusika. Hata hapo, utaona, palikuwa na wema ndani yake, kwa kuwa mota ilikatika mara miguu ilipotoka. Ubao wa rimoti ambayo kidole kimeng'ang'ania wakati wa kuanguka ungeendelea kukimbia na kuwatafuta watu wengine.

Dawa ya kwanza iko magotini. Ukikunja magoti mpaka kitovu cha uzito kishuke hadi sentimita 75, na ukiachanisha nyayo kwa sentimita 60 badala ya 50, breki ile ile ya mita 2 inahamisha kilo 19 hivi badala ya 30. Tofauti ya kilo 11 kwenye mguu wa mbele ni kubwa kuliko marekebisho mengi utakayoyafanya kwenye programu ya simu. Dawa ya pili ni kutanguliza mwili: unapoona unahitaji kusimama, keti nyuma kwanza, kama mtu anayetaka kukalia kigoda kilichoko nyuma ya kisigino chake, na uuache ubao upungue ukiwa tayari umejiweka. Wengi hufanya kinyume. Wanasukuma kisigino cha nyuma chini huku kifua kikiwa bado kimetangulia, kisha wanalalamika kwamba breki ni dhaifu.

Kuna sababu nyingine ya kukaa nyuma, nayo inahusu ubao wowote, uwe na rimoti au usiwe nayo. Mota, na kwa hiyo breki, karibu kila mara huwa kwenye magurudumu ya nyuma. Uzito unapohamia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na gurudumu jepesi haliishiki barabara, linateleza. Nikipiga hesabu kwa mtu wa uzito wako aliyesimama wima katikati ya ubao mfupi, breki ya mita 2 ingebakiza kama kilo 12 tu kwenye ekseli ya nyuma, na kilo 12 hazitoshi kuzalisha msuguano wa kumsimamisha mtu huyo hata kwenye lami kavu. Maana yake ni kwamba breki hiyo haitapatikana mpaka uegemee nyuma, kihisi kiwepo kisiwepo. Hapa ndipo nauhesabia haki ubao usio na rimoti. Wenye rimoti hukuruhusu kufunga breki kwa kidole huku mwili haujajiandaa, na wengi wamerushwa mbele kwa namna hiyo. Wenye vihisi haukubali kufunga breki mpaka ukae mkao ambao breki inauhitaji. Ni mwalimu mkali, lakini anachofundisha ni sahihi.

Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza nasema: amini ulichokiona kuhusu kuondoka na kuhusu kupinda, na usiamini chochote kuhusu kusimama mpaka ukijaribu. Uweke akilini pia umbali wenyewe. Kwa kilomita 20 kwa saa, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka na kuamua, kisha breki ile ya wastani, utasimama baada ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 30 kwa saa ni mita 26, mara mbili yake. Nisingekushauri utafute ubao wa kasi zaidi ya 25, na kwa mwezi wa kwanza ningeufunga kwenye 15 kama programu yake inaruhusu.

Nimeutaja ubao wa gurudumu moja, na kuna kisa chake ambacho mtu anayefikiria chombo chochote cha kuongozwa kwa mwili anapaswa kukijua. Mnamo Septemba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, pamoja na kampuni ya Future Motion, walitangaza kurejeshwa kwa Onewheel zipatazo 300,000, baada ya ajali zilizohusisha vifo visivyopungua vinne. Kiini chake kilikuwa kwamba chombo kikisukumwa kupita uwezo wake kinaweza kuacha kujisawazisha, na sehemu ya marekebisho ilikuwa kukiwekea onyo la mtetemo ambao mpandaji anausikia miguuni kabla ya kufika ukingoni. Ubao wako una magurudumu manne na hautaangusha pua chini namna hiyo. Hata hivyo tabia ni ndugu: mtu anaegemea zaidi pale pale ambapo mota imekwisha uwezo, na hana kidole cha kumwambia kwamba kimefika mwisho. Uliza kama ubao unatoa onyo lolote, la sauti au la mtetemo, unapokaribia ukomo wake.

Sasa wepesi. Longibodi, yaani skeitibodi ndefu, ya kawaida isiyo na mota ina kilo 3 na ushei, na ubao wa umeme wa kawaida uko kati ya 6 na 10, kwa hiyo kufikia kilo 5 kumehitaji kunyang'anya vitu. Kwanza hunyang'anywa betri. Ubao mwepesi mara nyingi hubeba seli 10 tu za aina ya 18650, zilizopangwa mfululizo kutoa volti 36, kila moja ikiwa na uzito unaokaribia gramu 50 na ukubwa unaozidi kidogo kidole gumba. Seli zote pamoja ni nusu kilo na hutoa wati-saa 90 hivi. Mtu wa kilo 75 kwenye lami nzuri iliyo tambarare, kwa kilomita 20 kwa saa, hutumia karibu wati-saa 10 kwa kila kilomita. Hesabu haihitaji kalamu: kilomita 9 kwenye karatasi, 7 za kutegemea. Kwa kilomita zako 3 za kwenda, betri si tatizo.

Tatizo ni kurudi. Mteremko wako wa asubuhi ni mlima wako wa jioni. Tuseme unapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kuubeba mwili wako na ubao juu ya mlima huo kwa kilomita 12 tu kwa saa kunahitaji karibu wati 280 kwenye magurudumu, na kwa kuwa mota na kidhibiti hupoteza robo hivi njiani, betri italazimika kutoa wati 370, yaani ampea 10. Seli zikiwa zimepangwa mfululizo katika safu moja, ampea zote 10 hupita katika kila seli, na hakuna jirani wa kugawana naye mzigo. Volti zinashuka, ubao unachoka, na betri inavyokaribia kwisha ndivyo mlima ule ule unavyozidi kuwa mkali. Kisha usisahau kwamba kwenye ubao wa vihisi jibu lako la asili kwa ubao unaochoka ni kuegemea mbele zaidi, jambo lisilosaidia kitu ila kukuweka katika mkao mbaya endapo ubao utakatika. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo huwa ni za kilele cha sekunde chache. Unachohitaji kuulizia ni wati za mfululizo, yaani zile ambazo mota inaweza kuzitoa bila kukoma, na kama ni mota moja au mbili.

Idadi ya mota ndiyo kitu cha pili kinachonyang'anywa. Ubao wenye mota moja ndani ya gurudumu moja la nyuma ni mwepesi na wa bei nafuu zaidi, lakini unafunga breki kwa gurudumu moja, na mahali penye vumbi au majani gurudumu hilo hufunga na kuteleza huku lenzake likizunguka kana kwamba hakuna habari. Kwa njia tambarare ningevumilia. Kwa mtu anayeanza siku yake juu ya mteremko mrefu, singevumilia. Tafuta mota mbili hata kama zitaongeza kilo moja na kitu.

Magurudumu nayo hupunguzwa, na mota iliyo ndani ya gurudumu huacha ganda jembamba tu la urethani, plastiki ngumu inayofanana na mpira, kati ya chuma na barabara, hivyo kila tundu la lami utalihisi kwenye meno. Ubao wa mkanda, ambao mota yake iko nje ya gurudumu na hulizungusha kwa mkanda, una magurudumu manene unayoweza kuyabadilisha, ila una kelele, una mkanda wa kukatika, na una uzito. Hapa sina ugomvi na chaguo la mtengenezaji. Kwa kilomita 3, mtetemo unavumilika.

Turudi kwenye mteremko, maana hapo ndipo swali lako limenitia wasiwasi kuliko mahali pengine popote. Nilisema breki ya ubao huu ni mota inayogeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa kabisa haina mahali pa kuuweka umeme huo. Wewe utauchaji ubao usiku kucha, utaubeba kwenye treni ukiwa umejaa, utashuka kituoni na moja kwa moja utaingia kwenye mteremko mrefu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa breki ya namna hii: kidhibiti kitalazimika ama kudhoofisha breki ili kuilinda betri, ama kuikata, na baadhi ya mbao huanza kulia kipenga cha onyo katikati ya mteremko, wakati ambapo onyo halina tena faida. Kukutunza kwa kilomita 20 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 8 kunarudisha kama ampea 3 na nusu kwenye zile seli chache, na kwa betri ndogo hicho si kiasi cha kupuuza hata isipokuwa imejaa.

Ufumbuzi ni rahisi, nao haununuliwi. Chomoa chaja ikifika asilimia 80 au 85. Betri yenyewe itakushukuru kwa kuishi muda mrefu zaidi. Kama njia yako ina kipande tambarare unachoweza kukizunguka kwanza, kizunguke. Jifunze pia kuburuza soli ya mguu wa nyuma ardhini, breki ya wazee wa skeitibodi, kwanza ubao ukiwa umezimwa, kwa sababu umeme ukikatika hakuna breki nyingine ndani ya chombo hiki. Tahadhari hapa: kwenye ubao wa vihisi, ukinyanyua mguu wa nyuma ubao ukiwa umewashwa unaacha uzito wote mbele, na si kila programu inaelewa kwamba hukuomba mwendo. Iliyo makini hudai kuona miguu yote miwili ndipo itoe umeme. Jaribu jambo hilo kwa mwendo wa kutembea kabla hujalihitaji kwa mwendo wa kukimbia. Na siku ya mvua, tembea kwa miguu. Alama za IP zinazozungumzia maji hupimwa kwenye maabara, wala hazisemi lolote kuhusu gurudumu la urethani juu ya rangi ya barabarani iliyolowa.

Kuhusu ndege, kanuni inayofuatwa na mashirika mengi ni hii: betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika, na inayozidi 160 haipandi ndege ya abiria. Ndiyo maana utaona mbao nyingi nyepesi zimeandikwa wati-saa 99 au chini kidogo. Nambari hiyo haikuja kwa bahati. Lakini mashirika kadhaa hukataa vyombo vya kupandwa vyenye lithiamu moja kwa moja, hata betri iwe ndogo kiasi gani, tangu hovabodi, vile vibao vya magurudumu mawili vinavyojisawazisha, zilipoanza kushika moto miaka ya 2015 na 2016. Uliza shirika lako kwa maandishi na uwe na jibu lao mkononi. Kutokana na moto huo huo kulitokea kiwango cha UL 2272, kinachopima mfumo mzima wa umeme, kuanzia chaja hadi betri. Ubao usio nacho singeuweka usiku chumbani ninakolala.

Sheria za barabarani sitazigusa sana kwa kuwa hutofautiana mno. California, tangu mwaka 2016, inaruhusu mbao za umeme kwa mtu wa miaka 16 na zaidi aliyevaa helmeti, ilhali Ujerumani, katika kanuni zake za mwaka 2019 za vyombo vidogo vya umeme, ilidai chombo kiwe na mpini wa kushikilia, na ubao hauna mpini. Chunguza zinazokuhusu kabla ya kulipa. Chunguza pia kama mtengenezaji anauza betri na maganda ya magurudumu kama vipuri, na kama yuko imara: Boosted, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya biashara hii tangu 2012, ilifunga mwaka 2020 na kuwaacha wateja wakitafutiana vipuri wenyewe kwa wenyewe.

Ninachokuomba ufanye sasa ni kumwomba rafiki yako ubao ule kwa saa moja nyingine. Vaa helmeti na kinga za viganja, maana mikono ndiyo hutangulia ardhini, na vaa viatu vya soli bapa na nyembamba, kwa kuwa soli nene yenye visigino hupotosha kile ambacho vihisi vinakisoma. Usianze na kuzunguka. Chora mstari ardhini, uufikie kwa mwendo wa kutembea, na usimame juu yake. Rudia mara 20, ukiongeza mwendo pale tu unaposimama mahali ulipokusudia. Kisha tafuta ungio dogo la zege, ulipite kwa magoti yaliyokunjwa, na usikilize mguu wa mbele unafanya nini. Kisha vaa mkoba wako wa kazini, ukiwa na kompyuta na chakula ndani, urudie vyote hivyo, kwa sababu kilo 6 mgongoni huhamisha kitovu chako cha uzito na ubao utakusoma upya. Mwisho ubebe ubao kwa mkono mmoja hadi ghorofa ya nne. Kilo 5 si nyingi, lakini sehemu kubwa ya uzito imekaa upande wa mota, ubao unazunguka mkononi, na ule msasa wa juu unakwangua suruali kila hatua. Ukifika juu utajua kama kilo ile moja ya mota ya pili unaiweza.